Kufuli Mlangoni Siyo Notisi

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kuhusu kupanga na kupangisha maduka

  

Mara nyingi tukikutana tunaongea habari za mikopo, za mbuzi wa maziwa na za matangi ya maji. Leo tumechagua jambo ambalo limeangusha vikundi vingi bila wao kujua ni nini kiliwaangusha. Ni chumba cha duka. Kikundi kinaweka akiba miaka mitatu, kinanunua cherehani nne, kinapanga chumba hapo senta, na wateja wanaanza kukizoea. Halafu asubuhi moja akina mama wanafika wanakuta kufuli ya pili mlangoni. Cherehani ziko ndani. Sare za shule zinazongojewa Jumatatu ziko ndani. Mwenye nyumba anasema kodi imepanda, au kuna mtu ameahidi pesa zaidi. Kikundi kinakimbia kwa chifu, chifu anawaambia "nendeni mkaelewane," na mradi unakufa hivyo.

Kesi za namna hii zinatufikia mara nyingi kuliko tunavyopenda. Na karibu kila mpangaji anatuambia maneno yale yale: "Hatukuandikiana, kwa hivyo hatuna haki." Hapo ndipo tutaanzia, kwa sababu mambo ni kinyume kabisa.

Kenya ina sheria ya mwaka 1965 inayohusu mwenye nyumba na mpangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula. Ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Ni nzee kuliko wengi wetu hapa, lakini inafanya kazi. Sheria hiyo inalinda upangaji wa namna mbili hasa. Kwanza, ule ambao haukuandikwa. Ndiyo, mmesikia vizuri: ambao haukuandikwa. Pili, ule ulioandikwa lakini muda wake hauzidi miaka 5, au una kipengele cha kuuvunja kabla ya miaka 5 kwisha hata kama hakuna aliyekosea. Upangaji wa namna hizo sheria huuita upangaji unaodhibitiwa. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba hawezi kuumaliza wala kubadilisha masharti yake apendavyo. Ni lazima afuate njia iliyowekwa.

Na duka ni nini? Msifikiri ni lazima pawe na rafu za sukari na sabuni. Sheria inahesabu kuwa duka mahali popote panapotumiwa hasa kwa biashara ya kuuza rejareja au jumla, au kwa kutoa huduma za kulipwa. Kwa hivyo kinyozi yumo, fundi cherehani yumo, mwenye kurekebisha redio na simu yumo, na mama wa chai na mandazi naye yumo upande wa mahali pa chakula. Nyumba za kulala tu zina sheria yake nyingine, hatutaingia huko leo.

Sasa tuje kwenye notisi, maana hapa ndipo watu wanapoumia, wapangaji na wenye nyumba vilevile.

Mwenye nyumba akitaka mtoke, au akitaka kuongeza kodi, au kubadilisha sharti lolote, inampasa awape notisi kwa fomu maalum ya serikali. Huitwa Fomu A. Barua ya kawaida haitoshi, hata ikiwa na mhuri. Ujumbe wa simu hautoshi. Kusema mbele ya wazee wa soko hakutoshi. Hata barua kali ya wakili, kama haikufuata fomu hiyo, Tribunali huitupa. Notisi hiyo ni lazima itoe muda usiopungua miezi miwili tangu siku mliyoipokea, isipokuwa kama nyinyi wenyewe mlikubaliana kwa maandishi muda mfupi zaidi. Kwa hivyo msitie sahihi kitu msichokisoma. Na tena ni lazima ieleze sababu.

Tuchukue mfano. Kikundi kinalipa shilingi 4,500 kwa mwezi. Tarehe 10 Machi kinapokea Fomu A inayosema kodi itakuwa 8,000. Notisi hiyo haiwezi kuanza kazi kabla ya tarehe 10 Mei. Notisi yenyewe huwataka mjibu kwa maandishi, katika mwezi mmoja tangu kuipokea, kama mnakubali au hamkubali. Yaani hadi tarehe 10 Aprili muwe mmejibu. Na kama hamkubali, kabla ya ile siku iliyoandikwa kuwa notisi itaanza kazi, muwe mmepeleka shauri lenu Tribunali. Mkishapeleka, notisi inasimama. Mnaendelea kulipa 4,500 na kushona nguo zenu mpaka shauri liamuliwe.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Mkinyamaza, mkasema "huyu anatutisha tu," ile siku ikifika notisi inakuwa na nguvu. Kodi inakuwa 8,000, au upangaji umekwisha, kulingana na kilichoandikwa. Sheria haimngojei aliyelala. Tumeona kikundi chenye haki yote kikipoteza chumba kwa sababu mwenyekiti aliikunja fomu akaiweka kwenye mkoba, akingojea mkutano wa mwisho wa mwezi, na huo mkutano ukaahirishwa kwa ajili ya mazishi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: notisi si lazima apewe mwenyekiti mkononi. Inaweza kupewa mtu mzima wa jamaa ya mpangaji, au mfanyakazi aliye pale dukani, au kutumwa kwa posta ya rejista. Kwa hivyo yule msichana mliyemwajiri kuuza ni lazima afundishwe. Akipewa karatasi yoyote na mwenye nyumba, aandike tarehe na saa nyuma yake na awapelekee siku hiyo hiyo. Isiwekwe chini ya mzani wa sukari.

Pengine mtauliza, mwenye nyumba anaruhusiwa kutoa sababu gani ili mtoke? Sheria imezitaja. Kuna ya kodi: mpangaji ameshindwa kulipa kwa miezi miwili baada ya kodi kufika siku yake, au ana tabia ya kuchelewesha kila mara. Kuna ya mpangaji kuacha chumba kiharibike wakati kukitunza ni wajibu wake, au kuvunja masharti kwa njia kubwa. Kuna ya mwenye nyumba kutaka kubomoa au kujenga upya. Na kuna ya mwenyewe kutaka kutumia mahali pale kwa biashara yake au kama makao yake, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Zipo nyingine, lakini hizi ndizo tunazokutana nazo. "Nimepata mtu wa kulipa zaidi" haimo katika orodha. "Mmenikosea heshima" nayo haimo.

Angalieni ile ya kuchelewesha. Kikundi kinaweza kuwa kimelipa kila shilingi ya mwaka mzima na bado kikashindwa, kwa kuwa kilikuwa kikilipa tarehe 15, mara tarehe 22, mara mwezi unaofuata. Sisi tunaona kwamba kodi ya duka ingetolewa kabla ya mzunguko wa pesa za wanachama, siyo baada yake. Najua akina mama hapo mbele wanatabasamu, lakini ndiyo hivyo.

Hii Tribunali tunayoitaja ni baraza la kisheria linaloshughulikia kodi za nyumba za biashara peke yake. Makao yake ni Nairobi, lakini huketi katika miji mingine pia. Wakili si lazima, ingawa shauri likiwa zito ni afadhali kumtafuta. Tribunali inaweza kuamua kodi inayofaa, kwa kulinganisha na vyumba vya namna ile katika sehemu ile. Inaweza kukataa au kukubali notisi. Inaweza pia kusikiliza malalamiko ya upande wowote kuhusu upangaji, hata kama hakuna notisi iliyotolewa. Hiyo ndiyo njia ya mtu aliyefungiwa mlango. Anakwenda na malalamiko ya haraka, akiomba amri ya muda ili afunguliwe, na mara nyingi amri ikitoka polisi wa kituo kile huagizwa kuhakikisha imefuatwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufani, na siku hizi rufani hizo husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kumtoa mpangaji bila idhini ya Tribunali, au kumsumbua makusudi ili achoke aondoke au akubali kodi ya juu, ni kosa la jinai. Kukata stima, kung'oa mlango, kumwaga kokoto mbele ya duka, hayo yote ni usumbufu. Basi mkikuta kufuli, msiivunje. Mkiivunja mnaweza kujikuta nyinyi ndio mnaoandikisha taarifa polisi kama washtakiwa. Pigeni picha, andikeni orodha ya vitu vilivyo ndani, tafuteni mashahidi wawili wasio wanachama, ripotini kituoni mpewe namba, halafu nendeni Tribunali. Chifu anaweza kuwapatanisha, na wako machifu wanaofanya kazi hiyo vizuri sana. Lakini hana mamlaka ya kuamuru mpangaji atoke.

Na dalali je? Kuna wenye nyumba wanaomtuma dalali achukue cherehani kwa deni la kodi. Katika upangaji unaodhibitiwa, kukamata mali kwa ajili ya kodi kunahitaji ruhusa ya Tribunali kwanza. Dalali akifika, muulizeni kwa adabu: amri iko wapi? Isomeni. Kama ipo, msipigane naye. Kama haipo, andikeni jina lake na namba ya gari.

Tumesema sana upande wa mpangaji. Lakini vikundi vingine vilivyo hapa ni wenye nyumba. Mmejenga vyumba vitano au sita kando ya barabara kwa jasho lenu, na kuna mpangaji hajalipa miezi minne, tena anawacheka. Mnajua mnataka kufanya nini. Msifanye. Yule mpangaji mbaya mkimfungia, kesho ndiye atakuwa mlalamikaji na nyinyi washtakiwa, na deni lake litasahaulika. Mpeni Fomu A, sababu iwe ni kutolipa kodi, muda usipungue miezi miwili. Wekeni nakala, na ushahidi kwamba aliipokea. Asipojibu wala kwenda Tribunali, notisi inamaliza upangaji wake. Akikataa kutoka bado, mtaiomba Tribunali amri. Ni polepole, tunakubali. Miezi hiyo kodi hailipwi na mkopo wa benki unaendelea kudai. Kwa hivyo anzeni mapema: mwezi wa pili ukipita bila kodi, notisi itoke. Kungoja miezi minane kwa huruma na kisha kutumia kufuli kwa hasira ni kukosa mara mbili.

Tena mwenye nyumba ana wajibu wa kuweka kitabu cha kodi. Hili si pendekezo letu, ni sheria. Kitabu kinaonyesha majina ya pande zote mbili, chumba ni kipi, kila malipo ya kodi na kila ukarabati uliofanywa, na mpangaji anapewa nakala yake. Tukiuliza ni vikundi vingapi hapa vina kitabu hicho, pengine mikono itainuka miwili. Wapangaji, msiposhikiwa kitabu, lipeni kwa njia inayoacha alama: benki, au simu, na ule ujumbe mwuandike kwenye daftari maana simu hupotea. Pesa mkononi bila risiti ni kama hamkulipa.

Na ukarabati? Mkiwa hamkuandikiana, sheria yenyewe inaweka masharti. Paa, kuta kubwa na mifereji mikubwa ni kazi ya mwenye nyumba. Ndani ni kazi ya mpangaji. Paa likivuja mwaka mzima naye hasikii, Tribunali inaweza kuwaruhusu mtengeneze wenyewe na kukata gharama kwenye kodi. Tunasema Tribunali iwaruhusu. Msikate kwa kichwa chenu, maana mtaonekana hamjalipa kodi.

Kuna pesa nyingine inayotusumbua, hii inayoitwa gudwili. Mtu anataka chumba, anaambiwa atoe elfu themanini kwanza, siyo kodi, siyo amana, ni gudwili tu. Hana risiti. Mwaka ukiisha mwenye nyumba anataka mwingine aingie ili apate gudwili nyingine. Hii ndiyo chemchemi ya kufuli nyingi kuliko hata deni la kodi, kwa maoni yetu. Ushauri ni mmoja: kama ni lazima kutoa, iandikwe ni ya nini na itarudishwa lini. Lakini gudwili ya kweli ni jina zuri ambalo mpangaji amejijengea kwa wateja, na hiyo sheria inaitambua. Upangaji ukimalizwa, Tribunali ina uwezo wa kumpa mpangaji fidia kwa hasara ya jina hilo, na kwa marekebisho aliyofanya chumbani kwa idhini ya mwenye nyumba. Neno ni idhini. Kabla ya kumwaga simiti, kuingiza stima au kugawa chumba kwa mbao, pateni karatasi yenye sahihi ya mwenye nyumba inayosema anakubali, na mtunze risiti za hadiweya. Vilevile msimpangishe kinyozi kona ya duka bila kuomba ruhusa kwa maandishi.

Mkataba mrefu nao una ujanja wake. Katika miji mikubwa mtaona mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi mitatu haikuwekwa kwa bahati. Imewekwa ili upangaji utoke nje ya ulinzi wa Sura ya 301. Mkataba wa namna hiyo si mbaya lazima, una faida ya kujua mtakaa muda gani kwa kodi gani, lakini baada ya hapo mnategemea yale tu yaliyoandikwa humo na sheria nyingine za ardhi. Mkiletewa, mtafuteni wakili kabla ya kutia sahihi. Na kwa wale wanaotia katika mkataba mfupi maneno kama "mpangaji hatakwenda Tribunali," wajue maneno hayo ni bure, sheria imeyafuta tangu zamani.

Sahihi ya nani? Tumeona mwenyekiti akiandikisha chumba kwa jina lake mwenyewe, kisha uchaguzi ukaja, akashindwa, akabaki na chumba. Mbele ya sheria mpangaji ni yeye. Andikeni jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, na maafisa watatu watie sahihi kwa niaba ya kikundi. Risiti nazo zitoke kwa jina hilo.

Tuliulizwa kabla ya kuanza kama sheria hii inagusa vyumba vya parokia. Ndiyo. Kanisa likipangisha maduka ni mwenye nyumba kama mwingine yeyote, na mpangaji wake ana haki ya Fomu A na miezi yake miwili. Tunasema hivi tukijua ni nani anayetulipia karatasi za jarida hili.

Kuna mkono umeinuka nyuma pale, kuhusu vibanda vya soko. Hilo ni swali zuri, na jibu lake halitawafurahisha. Sheria hii haihusu upangaji ambao serikali au serikali ya mtaa ni upande mmojawapo. Kibanda cha kaunti hakimo. Huko mnashikilia leseni yenu, risiti zenu za kila siku na sheria ndogo za soko la kaunti. Hata hivyo kaunti haiwezi kuwaondoa kiholela. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 zinataka ofisi ya serikali imwarifu mtu, imsikilize na impe sababu kabla ya kufanya jambo la kumdhuru. Mkisikia kwamba soko litabomolewa, andikeni barua ya pamoja kwa msimamizi wa soko mkiuliza lini, kwa nini, na mtahamishiwa wapi. Pelekeni nakala mbili, na ile moja irudi kwenu ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa.